Dirisha Shingoni mwa Bihogo

1

Senene walianguka mapema mwaka ule, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijipakulia sahani yangu mwenyewe, mezani, mchana kweupe, mama akiniona.

Inabidi nieleze, maana mtu wa kwetu akisikia hivyo atadhani nimelelewa gerezani. Mhaya gani anafika miaka kumi na tisa hajawahi kula senene nyumbani kwao? Ni mimi. Jina langu ni Nyakato, yaani pacha wa pili. Aliyenitangulia kutoka tumboni ni Nyangoma, na Nyangoma senene walimkataa tangu utotoni. Akimtia mmoja tu mdomoni, midomo inavimba, macho yanafumba, kifua kinapiga filimbi. Na kwetu pacha hugawiwa sawa. Huyu akishonewa gauni, na yule anashonewa. Huyu akinyweshwa dawa, na yule anaionja hata kama ni mzima. Huyu akikatazwa, na yule anakatazwa. Mama yangu, ambaye tangu tuzaliwe watu humwita Nyinabarongo, mama wa mapacha, alilishika jambo hilo kuliko alivyoshika sala. Kwa hiyo senene nilikula kwa jirani, nyuma ya jiko, kisha nasukutua mdomo kabla ya kurudi nyumbani.

Nyangoma alikufa mwishoni mwa masika. Vuli ilipokuja na senene wake, mama alikaa jikoni akawachambua mabawa na miguu bila kusema neno, akawakaanga kwa chumvi na kitunguu, akaweka bakuli mezani mbele yangu. Nikaelewa kwamba ameniruhusu. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na hamu, vyote pamoja, na sioni aibu kusema hivyo.

Wa kwanza alikuwa mtamu. Wa pili pia. Nilipomtafuna wa tatu, mdomo wa juu ulianza kuwasha, ukafuata wa chini, na nikahisi ulimi wangu umekuwa mkubwa mdomoni kuliko unavyostahili. Nilitaka kumwita mama. Kilichotoka kifuani kilikuwa filimbi.

Mama aligeuka kutoka jikoni. Alinitazama, na usoni mwake hamkuwa na hofu hata kidogo. Hapo ndipo mimi nilipoogopa. Aliweka mwiko chini, akaja taratibu, akanishika mashavu kwa mikono yake yenye mafuta.

"Umerudi," alisema.

Kisha ndipo alipokwenda kabatini kuchukua sindano ya dharura. Ilikuwa bado pale pale kati ya sahani, ilipokaa miaka yote. Ilikuwa ya Nyangoma.

2

Daktari Muganyizi alikuja asubuhi iliyofuata. Pikipiki yake ya umeme haina mlio, kwa hiyo humsikii. Unamwona tu amesimama mlangoni, ukungu umemkatikia magotini. Ni kijana wa Muleba, miwani yake mikubwa kuliko uso, na ana ugonjwa wa kusema kweli hata pale ambapo mtu mwenye adabu angenyamaza.

Aliniangalia midomo, ambayo ilikuwa bado minene, akaniuliza nimekula nini. Nilipomwambia, hakucheka. Alisema, "Twende kwa Bihogo."

Bihogo ni ng'ombe wetu, mwekundu wa kukolea, pembe zake ndefu hata zizi lilibidi lipanuliwe mlango. Bibi yake ndiye ng'ombe ambaye babu alimkabidhi mama tulipozaliwa, zawadi ya mama wa mapacha. Bihogo mwenyewe, kituo cha tiba anakofanya kazi Muganyizi kilimbadilisha angali tumboni, akazaliwa mwalimu. Vilima hivi vyote sasa vina ng'ombe walimu. Tangu ziwa lipande, watu wa Bukoba wakatufuata huku juu na ukungu ukawafuata wao, kila nyumba ya pili ina mtu aliyepata homa ya ukungu. Homa yenyewe inapita. Kinachoua ni kile inachokiacha: chembe nyeupe za damu, ambazo sisi nyumbani tunaziita askari, zinasahau sura ya mwenye mwili na kuanza kumshambulia yeye. Wa Nyangoma walianza na figo zake.

Ndipo unapounganishwa na ng'ombe. Mrija mmoja unatoa damu yako na kuipeleka kwake, mwingine unairudisha, na katikati kuna mashine ya kuzuia damu ya ng'ombe isije kwako. Askari wako wanabaki kwake kwa muda, ndani ya tezi zake, wanafundishwa upya nani ni wa nyumbani, na juma linalofuata wanarudi. Watu huita kwenda darasani. Mimi sikuwa mgonjwa, ila Nyangoma alipolazwa kwenye kitanda cha kwanza pale zizini, mama alidai na cha pili kiletwe. Kituo hakikubisha. Walisema hata ni vizuri, askari wazima wakichanganyika na watundu huenda watundu watajirekebisha. Walipaka rangi tu ili wasipotezane: kijani wa Nyangoma, njano wa kwangu. Nyangoma alipokufa, mimi niliendelea kuunganishwa kila juma, maana sehemu ya askari wangu ilikuwa bado humo.

Shingoni mwa Bihogo, mbele ya bega, pana kioo cha mviringo kilichoshonewa ngozini, ukubwa wake kama kifuniko cha chupa ya soda. Chini yake ndipo ilipo tezi. Ukitazama kwa macho matupu unaona nyama ya waridi inayopumua. Muganyizi aliweka lenzi yake juu ya kioo, na picha ikajitokeza kwenye kishikwambi alichokishika mkononi.

"Tazama huu mshipa," alisema. "Damu inapita katikati kwa kasi, na askari wanapita nayo. Mishipa mingine ya mwili kuta zake ni tupu, askari hana cha kushika, anapita zake. Huu wa kwenye tezi ukuta wake umevaa sukari. Askari ana vidole vinavyoijua sukari hiyo. Akigusa, anapunguza mwendo, anabingirika ukutani, anapapasa. Akipapasa anakutana na harufu inayotoka ndani, na harufu ndiyo inayomwambia simama. Akisimama anajilaza, anajibana kati ya seli mbili za ukuta, anaingia."

Nilimwona mmoja wa njano akifanya hivyo hivyo. Alibingirika polepole kama punje ya maharage juu ya ungo, akasita, akanata. Akajinyoosha mpaka akawa mwembamba kabisa. Kisha akawa upande wa pili.

"Humo ndani anakaa, anajifunza. Akimaliza, kuna harufu nyingine, ya damu, inamwita atokee mlango wa nyuma. Maji ya tezi yanamchukua mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, kwa mbuzi, kwako wewe."

"Na yule mbona hajifunzi?" niliuliza.

Yule wa njano alikuwa amezungukwa. Nyuma ya ukuta, pale pale mlangoni, walijipanga wa kijani, wengi, wamebanana. Walimsogelea kutoka kila upande mpaka njano ikafunikwa. Nilingoja aonekane tena, na hakuonekana.

"Hawa walipaswa kuwa wamekufa," Muganyizi alisema. "Mwenye nao amekufa tangu masika. Hawakufa, wamejenga. Wa kwako wanaingia, hawatoki. Wanaotoka mlango wa nyuma ni wa dada yako."

"Wakitoka wanaenda wapi?"

"Kwako, binti. Mashine haijui tofauti, ninyi ni pacha wa yai moja. Mwili wako nao haujui tofauti. Damu niliyokuchukua juma lililopita, zaidi ya nusu ya askari walikuwa wa kijani. Ndio waliowakataa senene." Alivua miwani akaipangusa, na bila miwani alionekana mtoto. "Na wa Nyangoma hawakufuzu darasa. Wakikujaa, watakufanyia walichomfanyia yeye."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya maji. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Katika maneno yote yale alikuwa ameshika moja tu.

"Kwa hiyo yumo," alisema.

3

Kuanzia siku hiyo mama alihamia zizini. Alikuwa akishinda huko na ushonaji wake, na nikipita nje nilimsikia akizungumza. Hakuwa akimsemesha ng'ombe. Kwa ng'ombe mtu husema simama, sogea, acha. Mama alikuwa akisimulia: fulani kaolewa, migomba ya chini imeshikwa na ugonjwa, Nyakato kakonda. Alikuwa akisema, kisha ananyamaza kwa muda ule ambao mtu humpa mwenzake ili ajibu.

Ningemcheka. Kwa kawaida yangu ningemcheka, na Nyangoma angenisaidia. Lakini na mimi nilikuwa na mambo yangu.

Nyangoma alikuwa na tabia ya kutembea huku akiburuza vidole ukutani. Tangu ajue kutembea, popote apitapo, ncha za vidole ziko kwenye chokaa, na nyumba yetu ilikuwa na mstari wa kijivu kuizunguka yote, ndani na nje. Mama alimgombeza miaka nenda rudi. Baada ya mazishi tulipaka chokaa upya. Sasa asubuhi moja nilikuwa nakunywa uji nikaona ncha za vidole vyangu ni nyeupe. Nilinawa. Mchana zikawa nyeupe tena. Nilisimama kwenye ukumbi nikatazama ukuta, na mstari ulikuwa umeanza upya, kwenye kimo cha nyonga, kutoka chumbani kwangu hadi mlango wa kwenda zizini.

Nilimuuliza Muganyizi kwa simu. Alisema chembe ya damu haibebi tabia. Inakumbuka ugonjwa, inakumbuka senene, basi. "Hiyo ni huzuni, Nyakato." Nilimwambia huzuni yangu mimi naijua, haijawahi kunichafua vidole.

Halafu kuna jambo la kioo. Mama alikuwa amekwenda kisimani, ukungu mchana ule ulikuwa mzito hata migomba ya karibu haikuonekana, nami niliingia zizini na lenzi ya akiba ambayo Muganyizi hutuachia. Bihogo hakuwa amefungwa. Alikuwa amesimama ameupa mgongo mlango, upande wenye kioo ukigusa ukuta, na nyuma ya ukuta ule ndipo kilipo kitanda changu cha chumbani. Nilimgeuza kwa shida. Niliweka lenzi juu ya kioo, na kando ya lenzi nikaweka kidole changu cha shahada, kwenye ukingo wa kushoto.

Wa kijani walikuwa wametawanyika. Wakaanza kusogea. Hawakuwa na haraka. Mmoja mmoja walikuja upande wa kushoto mpaka wakajaa chini ya kidole changu. Nikakihamishia kulia. Wakakaa kidogo kama watu wanaosikiliza, kisha wakaja kulia.

Ni joto la kidole, nilijiambia. Chembe hufuata joto. Hata hivyo nilijisikia nikisema, "Nyangoma," na Bihogo akashusha pumzi ndefu, akaniegemeza shingo yake nzito begani. Nami sikujitoa. Nilikuwa na hofu, na wakati huo huo nilikuwa nimemkumbatia. Tangu masika sikuwa nimekumbatiwa na mtu.

Jioni ile nilipovua viatu niliona vifundo vya miguu vimevimba. Nilibonyeza, shimo likabaki. Nyangoma naye alianza hivyo.

4

Muganyizi alirudi na jibu kutoka kituoni. Mama alimkaribisha sebuleni, akampa kiti, akaketi mbele yake na mikono mapajani. Hakuleta kahawa. Kwetu mgeni akiketi anawekewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, hata kama ni mgeni wa dakika moja, hata kama humpendi. Muganyizi alitazama meza tupu na akajua mapema namna mazungumzo yatakavyokwenda.

"Nyinabarongo," alianza, "tukikata mirija leo haitoshi. Wa njano wako ndani ya Bihogo, Nyakato amebaki na wa kijani. Tunaweza kuchuja damu ya Nyakato tukawaondoa wa kijani wote, lakini hapo atakuwa mtupu, mafua yatamuua. Lazima arudishiwe wa kwake. Na wa kwake wamo kwenye tezi, tezi zote, za shingo, za kwapani, za tumbo. Hazitolewi kwa ng'ombe aliye hai."

"Unataka kumchinja."

"Ndiyo, waitu," alijibu kwa lile neno letu la heshima.

"Mkishazitoa?"

"Tunaziosha, tunatenganisha kwa rangi. Njano kwa Nyakato." Hapo hata yeye alisita. "Kijani wanaunguzwa. Ni sheria, wana ugonjwa."

Nje Bihogo alilia mara moja.

"Daktari, una watoto?"

"Bado, mama."

"Mimi nilizaa wawili siku moja. Mmoja nimemfukia pale chini ya migomba. Siku saba sikula. Halafu Mungu akanionyesha kwamba hajaisha, kuna kidogo kimebaki, kinapumua, kinamfuata mwenzake. Na wewe unakuja kwenye nyumba yangu unaniambia nikiunguze." Sauti yake haikupanda hata mara moja. "Ng'ombe ni wangu. Nenda."

Ng'ombe alikuwa wake kweli. Bila neno lake kituo kisingeweza kumgusa. Muganyizi alisimama, akanitazama mimi.

"Mama," nilisema, "mimi naumwa."

"Utapona. Mwenzako yumo, hatakudhuru."

"Yeye mwenyewe walimdhuru, mama, na walikuwa wake!"

"Nyakato, usimwache mwenzako peke yake." Aliniambia kama alivyokuwa akituambia tulipokuwa wadogo, tukienda shule kwenye ukungu, tumeshikana mikono.

Nilimsindikiza Muganyizi hadi kwenye pikipiki. Aliniuliza mimi mwenyewe nataka nini, maana siku zote nilikuwa nikimjibu kwa utani na hakuwahi kujua ninachofikiri. Nilimwambia ukweli: nataka kuishi, na nataka dada yangu asiunguzwe, na kama anayo dawa ya hayo mawili aitoe mfukoni. Hakuwa nayo. Alisema tu nisingoje mpaka mkojo ubadilike rangi.

Ulikuwa umeshabadilika, sikumwambia.

5

Nilifikiri sana namna ya kusema na mama. Maneno hayakumfikia, alikuwa akiyasikia na kuyaweka kando. Mwishowe niliacha maneno.

Senene walikuwa wamebaki, mama aliwakausha akawatia kwenye mtungi. Nilingoja arudi kutoka zizini mchana, nikamwambia aketi, tule. Nilipakua sahani mbili, sawa kwa sawa. Moja niliiweka mbele yake. Katikati ya meza niliweka sindano ya dharura, ile ya mwisho iliyokuwa kabatini.

"Hii ya nini?" mama aliuliza.

"Ya Nyangoma," nilisema, nikatia senene mdomoni.

Nilimtafuna. Nikachukua mwingine. Mama alikuwa akinitazama na ule uso wake wa siku ya kwanza, uso wa mtu anayepokea mgeni aliyemngoja. Midomo ilianza. Nikachukua wa tatu, wa nne. Macho yalianza kufumba, mama akawa mstari tu mbele yangu. Kifua kilianza filimbi yake. Nilichukua wa tano. Nilikuwa naogopa vibaya sana, lakini mkono uliendelea kwenda kwenye sahani.

"Basi," mama alisema.

Nikachukua mwingine.

"Basi! Tema!" Kiti chake kilianguka. "Nyangoma, tema! Mwanangu, tema!"

Nilisikia sahani ikipasuka sakafuni. Nilisikia vidole vyake mdomoni mwangu vikichokoa, kisha sindano pajani, kupitia gauni. Kisha nilikuwa chini, kichwa changu mapajani mwake, na hewa ikawa inaingia kidogo kidogo.

Alikuwa akilia. Siku ya mazishi hakulia. Siku hiyo alilia.

"Umemwita nani?" nilimuuliza, nilipoweza.

Alinipangusa mdomo kwa kiganja.

"Umemwita Nyangoma. Mama, Nyangoma amekufa. Anayekufa hapa ni Nyakato." Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka yamepondeka, lakini nilihakikisha yametoka. "Nikienda na mimi, hao wa kijani watakuwa wamebaki na nani wa kumfuata? Utabaki na ng'ombe, mama. Ng'ombe tu."

Alinishika miguu. Alivibonyeza vifundo, akatazama mashimo yakibaki, na nilijua anaikumbuka miguu mingine. Alikaa hivyo muda mrefu, kidole chake kikibonyeza na kuachia.

Baadaye aliinuka, akafagia vipande vya sahani. Akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa amebeba kile kikapu kidogo cha kahawa, akakiweka mezani, akakifunika kitambaa safi.

"Mpigie daktari," alisema. "Mwambie aje, atakuta kahawa."

6

Bihogo alichinjwa kwetu, si kituoni. Mama aliweka sharti hilo. Alimwosha uso kwa maji ya uvuguvugu, akamsemesha sikioni maneno ambayo sikuyasikia na sikuuliza. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Sharti lake la pili liliwapa tabu watu wa kituo. Alisema pacha hugawiwa sawa. Kama wa njano watatiwa kwenye mfuko na kupewa Nyakato, na wa kijani watiwe kwenye mfuko kama huo huo, na wapewe Nyangoma. Walimweleza sheria ya kuunguza. Alisema wawaunguze, lakini majivu yatiwe kwenye mfuko, na mfuko apewe yeye. Muganyizi ndiye aliyewaambia wenzake kwamba sheria inasema wafe, haisemi wazikwe wapi.

Mimi walinichuja damu kwa siku nzima. Nilipotolewa kitandani nilikuwa mwepesi, baridi, na hakukuwa na kitu kilichonivuta popote. Walinipeleka kwenye chumba cha vioo, nimevikwa barakoa na glavu nene za mpira mpaka viwikoni. Mezani palikuwa na kisahani cha kioo juu ya jiko dogo la umeme, na juu yake lenzi. Ndiyo desturi ya kituo: mwenye damu ndiye anayewasha. Kwa kuwa mwenyewe hakuwepo, ilikuwa zamu ya ndugu.

Kwenye skrini wa kijani walikuwa wametawanyika kisahani kizima. Nilisimama upande wa kulia. Wakaanza kuja kulia.

Nilizunguka meza nikasimama kushoto, mikono nyuma, mbali na kioo. Hakukuwa na joto la kidole safari hii. Muganyizi aliona. Walikuja kushoto, polepole, wakibingirika kwenye ukingo wa kisahani, wakipapasa, wakitafuta pa kuingilia. Nilimtazama anieleze. Ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa neno la kweli la kusema.

"Ukitaka nitawasha mimi," alisema.

"Hapana. Atashtuka akikuona wewe."

Niliinama karibu na kisahani, karibu kadiri walivyoniruhusu. Nilimwambia Nyangoma kwamba simwachi peke yake, kwamba ninamrudisha nyumbani, chini ya migomba, na kwamba nampenda. Nilimwambia pia kwamba amenikosesha senene wa nyumbani miaka yote, mjinga yeye. Kisha nikawasha. Hawakutawanyika. Walikaa ukingoni, upande wangu, mpaka rangi ilipozimika.

7

Vuli iliyofuata senene walichelewa, lakini walikuja wengi, mpaka watu wakawa wanawakusanya kwa magunia.

Vifundo vyangu vilikuwa vimerudi kawaida. Askari wangu walirudi kwangu wote waliorudi, na Muganyizi alikuwa akipima damu yangu kila alipopita. Njano tupu, alisema, kijani hakuna hata mmoja. Alisema kama mtu aliyeleta habari njema, nami nilimshukuru.

Mama aliwachambua mabawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi na kitunguu. Alileta sahani mbili, sawa kwa sawa, akaziweka mezani, na alipotambua alichokifanya akabaki amesimama na mikono hewani. Nilimwambia aache, aketi.

Nilikula wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Sindano mpya ilikuwa kati yetu. Mama alikuwa ameikazia macho midomo yangu, hapepesi, na mimi nilikuwa nimetulia nikisikiliza ulimi, nikisikiliza kifua. Tulikuwa tukingoja sote wawili. Tulingoja mpaka senene walipopoa.

Hakukuwa na kitu. Midomo ilikuwa midomo tu.

"Watamu?" mama aliuliza.

"Watamu," nilisema, na kilio kikanishika hapo hapo na chakula mdomoni, kilio ambacho nilikuwa nacho tangu masika ya mwaka uliopita.

Nilinyanyua mkono kufuta machozi, na nikaona ncha za vidole vyangu. Zilikuwa nyeupe kwa chokaa.

Mama aliziona pia. Aligeuka akautazama mstari uliokuwa ukutani, kutoka chumbani kwangu hadi mlango wa zizi tupu, halafu akanirudia mimi. Hakunigombeza. Aliivuta sahani ya pili, akawagawa senene nusu kwangu na nusu kwake, tukala.